Mkia wa Helikopta ya Yaya Deo

Yaya Deo,

Mkia tumeufunga juu chini. Nakuambia hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua, kaka yangu: ndilo ungeuliza kwanza, kabla hujauliza watoto wamekula nini. Watoto wamekula. Aline ameng'oka jino. Mke wako yupo, anafanya kazi, hajakonda sana. Mimi nipo.

Nitaandika hata mambo unayoyajua, univumilie. Barua hii nitamwekea Aline, na Aline bado hajafika umri wa kuelewa kwa nini baba yake alikuwa anaunda helikopta kwenye karakana ya mabati hapa Kamembe wakati wenzake wote wanaunda milango na mabomba ya mvua. Nikianza kumweleza kwa mdomo nitakwama. Kwa kalamu sikwami. Siku hizi mikono yangu inafanya kila kitu vizuri, ni mimi mwenyewe sijui nimejiweka wapi.

Asubuhi ile ulivuka kwenda Bukavu kutafuta beringi. Ilikuwa imebaki hiyo tu. Uliniambia, "Usiguse kintu, Konso, minarudia mbele ya saa sita." Mimi nikakujibu kwamba kwa miguu yako utarudi kesho. Halafu bunduki zikaanza ng'ambo, na sisi huku tukasimama mlangoni kama kawaida, kusikiliza kama zinakuja upande wetu au zinapanda milimani. Zilipanda. Tukarudi kazini. Ndiyo, yaya, tulirudi kazini, nikapiga nyundo.

Wauza vitenge ndio waliokuvusha darajani, kwenye mkokoteni wao, wamekufunika kwa bidhaa zao wenyewe. Walisema ni risasi ya kupotea. Sijui kwa nini wanaiita hivyo, maana ilifika vizuri tu.

Maman Aline alipokuwa anakuosha aliikuta beringi ndani ya soksi yako, umeifunga kwenye karatasi ya mkate. Uliificha huko kwa sababu ya kizuizi cha barabarani, kule wanakopekua mifuko. Alinyoosha mkono akanipa. Nikaizungusha kwa kidole gumba. Ilikuwa laini, mpya, hailegei wala haitikisiki hata kidogo. Nikawaza: amechagua vizuri. Umelala pale mbele yangu, na hilo ndilo wazo lililonijia.

Tulikuzika Giheke. Issa, rafiki yako wa kiwanda cha simenti, alisimama nyuma ya ua, viganja wazi, mpaka padri alipomaliza. Watu walikuwa wananiangalia wakisubiri nilie. Mimi nilikuwa naangalia jeneza, kuna msumari mmoja fundi aliupiga upande, kichwa kimelala. Nilitamani kumwomba nyundo. Tangu siku hiyo sijalia, na shangazi zetu wameanza kunong'ona juu yangu. Kwenye chakula naonja chumvi tu. Nalala, naamka. Sina la kuongeza hapo.

Siku ya kuondoa tanga watu walijaa uani. Unaijua desturi yetu ya gukura ikiriyo: pombe inazunguka, mtu wa nyumba anasimama, anasema kazi za marehemu zinakwenda wapi, ili asiendelee kusumbuliwa nazo. Nyundo zako walinipa mimi. Kisha Maman Aline akasimama mwenyewe, hakungoja mjomba amsemee, akasema injini inakwenda Bugarama, kwenye mashini ya kukoboa mpunga ya kaka yake. Atakuwa na sehemu yake kila mavuno na watoto watasoma. Injini ni yake, yaya. Wewe na yeye mliivuta kutoka kwenye ile pikapu iliyoungua, kabla mimi sijajua hata kushika spana. Hakuna aliyempinga, na hakukosea.

Mimi nikasimama. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema nipeni kuiwasha mara moja kwanza, mkia ukiwa umefungwa, nijue kama ulikuwa sahihi. Watu wakaguna. Maman Aline akanigeukia, akasema mbele ya wote, "Mara moja. Kama inazunguka, imekwisha. Na mimi nitakuwa pale kuona."

Sasa Aline, ukisoma hapa, sikiliza. Helikopta ina majani makubwa juu yanayozunguka ili kuinyanyua. Yale majani yakizunguka huku, mwili wake unataka kuzunguka kule. Baba yako alinieleza jambo hili jikoni kwenu, mama yako anasonga bugali, amekaa kwenye kigoda, ameibana sufuria kwa nyayo zake mbili isizunguke na mwiko. Akaniambia, "Unaona ile miguu? Mukia njo ile miguu." Yaani mkia ndio unaofanya kazi ya miguu ile. Mama yako akamwambia aondoke mbele ya moto na helikopta zake. Lakini mimi nilielewa siku ile na sijasahau.

Helikopta nyingi zina majani madogo mkiani, wazi, yanazunguka upande. Ndiyo yanayoshika mwili. Wewe, yaya, uliyachukia. Ulikuwa kule uwanjani helikopta za msaada ziliposhuka na chakula, watu wakakimbia kutoka nyuma, na majani ya mkiani yakizunguka kasi hayaonekani. Hukuwahi kunisimulia mpaka mwisho ulichokiona. Kila mara ulisimulia mpaka mahali askari alipoinua fimbo kuwarudisha watu, kisha unatafuta spana. Baadaye unasema, "Batu wenye njaa habaangaliake nyuma. Ni mashini njo inapashwa kuwaangalia." Basi ukaamua mkia wako utakuwa na feni iliyofichwa ndani ya duara la bati, kama zile feni ulizozitunza kiwandani zilizokuwa zinavuta vumbi la simenti. Feni ndani ya pipa. Mtoto akiuegemea mkia asipoteze hata kucha.

Ukakataa pia tuyaite majani yale mapanga, kama watu wengine wanavyosema. Hapa kwetu neno hilo limeshafanya kazi yake kwenye shingo za watu. Tukaita majani, na mimi mpaka leo naita majani.

Ulinichosha na lile duara. Ulitaka nafasi kati ya ncha ya jani na bati iwe ya kupitisha karatasi mbili za mfuko wa saruji, zisipite tatu. Nilipokuletea duara la kwanza ulilizungusha na karatasi zako, zikakwama mahali pamoja, ukanirudishia, ukaondoka unapiga mluzi. Ningekutupia. La pili likapita. Kisha ukaja na lile wazo la kutoyapanga majani manane kwa umbali sawa: mawili karibu, lingine mbali kidogo. Nikadhani umechoka. Ukasema yakipangwa sawa yanalia sauti moja, kali, yakitofautiana sauti inatawanyika, inakuwa mvumo tu. Nikakuuliza kelele inakuhusu nini. Ukasema mama alikufa akiwa bado anaingia chini ya meza kila helikopta ikipita. Nikayapanga kama ulivyotaka.

Kisha ukaleta waya za breki za baiskeli, ili rubani akikanyaga, majani yajipinde kidogo au zaidi hata yakiwa mbioni. Beringi ile ilikuwa ya kazi hiyo. Bila hiyo yasingejipinda.

Haya. Beringi niliipaka grisi nikaiweka mahali pake. Iliingia kwa kusukumwa na gumba tu. Mkia nilikuwa nimeshauunda wote kulingana na mchoro wako wa chaki pale sakafuni, ukubwa kamili, kama tunavyochora sisi mafundi wa bati: unalaza bati juu ya mchoro, unakata. Issa akaja kunisaidia kufunga. Mashine tukaiweka juu ya kitovu cha gurudumu la lori tulichokizika kwenye zege, iweze kuzunguka ikitaka, tukaifunga na kamba isiende mbali. Juu tukafunga majani mafupi ya mbao, ya kukamata hewa tu bila kunyanyua kitu.

Watu walikuja hata kutoka Nkungu. Akaja pia bwana mmoja wa ofisi ya serikali kuuliza kama kile ni silaha. Issa akamwambia ni feni. Hakudanganya.

Tukawasha. Mwanzoni ilitetemeka. Issa akaongeza moto wa injini, majani ya juu yakashika hewa, nikangojea mkia uushike mwili. Yaya, haukuushika. Uliusukuma. Mashine ilizunguka kuliko ambavyo ingezunguka bila mkia kabisa, kamba zikajisokota kwenye kitovu, ubao mmoja ukaruka ukagonga geti, watu wakatawanyika. Issa alijitupa kifudifudi kwenye bomba la mafuta, akalifunga. Ilipotulia nilisikia kuku.

Maman Aline alikuwa amesimama palepale. Hakupandisha sauti. "Basi. Imekwisha," akasema, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka. Ilikuwa sawa. Ndivyo tulivyokubaliana.

Nikaanza kufagia. Mafuta yalikuwa yamemwagika juu ya mchoro wako nikamwaga maranda ya mbao yanyonye. Nilipoyaondoa ndipo nikauona mchoro, nadhani kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimetembea juu yake miezi. Ulikuwa umechora miguu ya helikopta. Yote miwili, mstari mzima, kutoka mbele mpaka nyuma. Ulikuwa umechora kifuniko cha tumbo na bawaba zake. Mimi nilidhani uliichora miguu ili tusisahau kuifunga. Lakini nani anachora tumbo la kitu? Mtu aliyekiona akiwa chini yake.

Nikakaa sakafuni. Nikaangalia. Mchoro wote ulikuwa ni wa mtu aliyelala chali shambani anaangalia juu. Na mimi nilikuwa nimeusoma kama mtu anayeangalia kutoka juu ya bati lake. Kulia kwako kulikuwa kushoto kwangu. Mkia ulikuwa sahihi kila mahali, kila msumari, ila nilikuwa nimeugeuza unapuliza upande usio wake. Ungekuwepo siku ya kuufunga ungeona mara moja, ungenicheka mpaka jioni. Lakini hukuwepo.

Nikajaribu kukumbuka kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuiona helikopta kutoka juu. Tangu utotoni Bukavu, tangu kurudi huku, zimepita juu yetu zenye chakula na zenye mengine, na sisi siku zote shingo nyuma, mkono juu ya macho. Ungechoraje vingine, yaya.

Nilikwenda kwenu. Maman Aline alikuwa anachambua mawe kwenye mchele, ungo mapajani. Nikamwambia nilivyoona. Sikumwomba kitu, sikuwa na haki ya kuomba. Hakuinua kichwa. "Na angeiona wapi kutoka juu, ye?" akasema. Akaendelea kuchambua. Kisha akaweka ungo chini. "Ile ya kwanza haikukuwa yake. Ilikuwa ya kwako. Sasa tuone ya kwake."

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema kwa sababu nataka uyapate yote.

Kuurekebisha hakukutaka maarifa. Tulifungua bolti, tukaubiringisha mkia juu chini, tukafunga tena. Mti wa kuendeshea feni, ile nondo inayotoka kwenye injini, unaingia palepale katikati, kwa hiyo haujali, ila feni sasa inapuliza upande wa pili. Waya za baiskeli nikazipishanisha. Sasa pezi lako zuri, lile bati la kusimama juu ya mkia ulilolikwangua kwa jiwe mpaka likang'aa, linaning'inia chini karibu na udongo kama mkia wa kuku aliyenyeshewa. Usinikasirikie.

Mara hii watazamaji walikuwa wachache na walisimama mbali. Issa akasimamia moto wa injini. Mimi nikawa nakwenda kukaa kwenye kiti, maana safari hii nilitaka mtu awe kwenye kanyagio. Maman Aline akaniwekea mkono begani. Akavua viatu, akaviweka pembeni sambamba kama mlangoni pa kanisa, akapanda yeye. Nikamweleza: ukikanyaga huku pua inakwenda huku, ukikanyaga kule inakwenda kule, ukiacha katikati inakaa. Akasema anajua, umemwimbia wimbo huo miaka.

Tukawasha. Issa akaongeza moto mpaka pale pa siku ile. Majani ya juu yakawa kivuli. Mkiani ukatoka mvumo, yaya, mvumo mzito, wala si mlio. Hakuna mtu aliyeziba masikio. Na mashine ikakaa. Injini inanguruma kwa nguvu zake zote, vumbi linaruka, na ile mashine imekaa palepale inaangalia geti. Kamba zimelegea. Tukangoja. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa masikitiko, "Mbona haifanye kintu?" Issa akamgeukia machozi yanamtoka, akapiga kelele, "Njo kazi yake, maman! Njo kazi yake ile!"

Kisha nikaona kidole cha mguu wa Maman Aline kinashuka. Pua ikaanza kugeuka, polepole, haikushtuka. Ikaacha geti, ikapita ukuta, ikafika upande wa mto, ikaangalia Bukavu. Akaishikilia hapo. Nyumba za ng'ambo zilikuwa zinaonekana zote, mabati na barabara inayopanda. Sijui aliiangalia kwa muda gani. Uso wake sikuuona, niliona nyayo zake tu zinatetemeka kwenye vyuma, na mashine haitetemeki. Kisha akakanyaga upande mwingine, akaigeuza taratibu mpaka ikaipa kisogo ng'ambo, akasema, "Zimisha. Nimeona."

Aliposhuka watu walimzunguka wanamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Alinishika muzuri." Hakusema ilinishika. Akacheka kidogo, wanawake wakacheka naye, halafu akakaa chini kwenye udongo na viatu vyake mkononi, na hapo hakucheka tena. Mimi nilisimama. Nilisikia furaha, yaya, naiandika kwa sababu ni kweli, lakini niliisikia kama redio ya jirani. Najua ni yetu. Bado haijaingia ndani.

Usifikiri alibadili neno. Jioni aliniambia, "Moteur inaenda Bugarama. Lakini mukia ni ya Deo, hakuna muntu ataiuza." Sikubishana. Nilifungua injini mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aikwaruze, Issa akaipakia. Jumapili nilishuka kuiona. Inakoboa mpunga kuanzia asubuhi, pumba zinaruka, wanawake wamepanga foleni na magunia yao, na kaka yake ameipaka rangi ya kijani ya ajabu. Inanguruma vilevile. Niliisikiliza mpaka walipoanza kuniangalia nikaondoka.

Kwa hiyo karakanani kuna helikopta isiyo na injini na mkia uliofungwa juu chini. Nimerudi kwenye milango. Wateja wakiingia wanauliza kile ni nini, na mimi nawaambia ni feni ya kaka yangu. Sakafu sijaisugua. Nimekataza viatu pale.

Watoto wako nitawatazama, hilo huna haja ya kuambiwa. Ahadi yangu kwako ni nyingine. Sijui itakuwa lini wala kwa njia gani, labda nitazeeka kwanza. Lakini siku moja nitapanda mahali helikopta ipite chini yangu. Nitaiangalia vizuri mgongo wake, ambao hatukuwahi kuuona, na upande majani yanakozunguka. Nitarudi Giheke na chaki, nikuchoree kwenye saruji ya kaburi lako, kutoka juu.

Lala, yaya.

Mdogo wako,
Konso